Mgeni wa likizo asiishie kuangalia ukuta wa jirani

Bibi mmoja kutoka Kongwa, mkoani Dodoma, alifika Mbagala mwezi Juni, shule zilipofungwa, akiwa na wajukuu wawili na kiroba cha karanga. Walipanda treni ya umeme Dodoma, wakashuka Dar es Salaam siku hiyohiyo wakiwa hawajachoka. Mwanawe aliwapokea stesheni. Njiani kwenda nyumbani bibi aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, bahari iko upande gani?"

"Tutakwenda Jumapili, mama," akajibiwa.

Jumapili ya kwanza kukawa na msiba mtaani. Ya pili mwana akaitwa Kariakoo, mzigo umefika. Ya tatu kilikuwa kikao cha harusi. Bibi hakulalamika. Kila siku alikaa barazani, akachambua mchicha na kuangalia ukuta wa jirani, huku watoto wakishinda mbele ya runinga. Alhamisi, zikiwa zimebaki siku nne arudi Kongwa, alimfuata mkwewe jikoni akamwambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nikifika nyumbani nitawaambia nini? Nimelala pwani wiki tatu, bahari sijaiona."

Usiku ule mkwe hakupata usingizi. Alijua lawama zitamwangukia nani. Mawifi hawatasema kaka yao alikosa nafasi. Watasema mke alimfungia mama yao ndani.

Hadithi hii si ya nyumba moja. Iko Mbagala, Chamazi na Yombo, na iko pia Tegeta, Bunju na Mabwepande. Wageni kutoka bara hufika Juni na Desemba, wakala, wakalala, wakapelekwa kanisani au msikitini, kisha wakasindikizwa stendi. Wenyeji wanasema matembezi ni ya watalii wenye fedha. Ukweli ni kwamba wengi wao wenyewe hawajui waende wapi, wakati gani na kwa nauli gani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziara iliyopangwa vizuri humponya hata mwenyeji.

Kila msimu na mahali pake

Kosa la kwanza la familia nyingi ni kudhani matembezi ya Dar es Salaam ni ufukweni tu, tena mwaka mzima. Jiji hili lina majira yake kama shamba lilivyo na majira yake.

Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe. Jua si kali, mvua ni chache, na upepo wa kusi unavuma. Bahari huchafuka, hasa mchana, lakini ni wakati mzuri wa kutembea kwa miguu. Oktoba hadi Desemba mvua za vuli hunyesha kwa vipindi. Kuanzia Desemba hadi Februari upepo hugeuka kuwa kaskazi, joto linapanda, embe zinajaa sokoni, na maji ya bahari huwa safi na tulivu zaidi, hasa asubuhi. Machi hadi Mei ni masika. Njia za vumbi za pembezoni hugeuka tope, na Jangwani hufurika. Anayepanga safari ya ufukweni mwezi Aprili ajue anacheza kamari.

Mgeni wa Juni na mgeni wa Desemba, kwa hiyo, hawapelekwi mahali pamoja.

Wageni wa Juni na Julai

Kwa familia za Temeke, Julai huleta Sabasaba hadi mlangoni. Maonyesho ya kimataifa ya biashara hufanyika kila mwaka katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. Siku yenyewe, Julai 7, ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, na ni sikukuu ya taifa. Ndiyo maana siku hiyo hapatoshi. Mwenye watoto wadogo au mzee afadhali aende siku ya kazi asubuhi, watu wakiwa wachache. Kila mtoto awekewe mfukoni karatasi yenye namba ya simu ya mzazi, na wote waonyeshwe mahali pa kukutana iwapo watapotezana.

Kipupwe pia ni wakati wa msitu. Ukivuka Gongo la Mboto kuelekea Kisarawe unafika vilima vya Pugu, kwenye msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wa Pugu na Kazimzumbwi, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Ni mabaki ya misitu ya zamani ya pwani. Kuna njia za kutembea, ndege wa kila sauti, na mapango yaliyotokana na uchimbaji wa udongo mweupe wa kaolini, ambamo sasa wanaishi popo. Asiingie mtu mapangoni bila mwongoza wageni, na watoto wavae viatu vya kufunika mguu. Viatu vya wazi huko havifai.

Watakaopita Pugu waonyeshwe pia shule ya sekondari. Julius Nyerere alifundisha hapo kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili aongoze TANU. Mtoto wa darasa la sita anayesoma habari hizo kitabuni atazielewa vizuri zaidi akiyaona majengo.

Mahali pengine panapofaa kipupwe ni Makumbusho ya Kijiji, Barabara ya Bagamoyo, upande wa Kijitonyama. Pamekuwapo tangu miaka ya 1960. Humo mna nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kama zilivyo: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba za Wazaramo na nyingine nyingi. Ngoma huchezwa mara kwa mara. Faida yake kwa familia ni kwamba mzee ndiye anakuwa mwalimu. Mgeni aliyenyamaza wiki nzima kwa kuogopa kuonekana mshamba hapo ndipo anapopata la kusema.

Wageni wa Desemba

Likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo ya bahari. Wakazi wa upande wa Kinondoni, yaani Tegeta, Boko na Bunju, wako karibu na Kunduchi, na hapo boti huvuka kwenda kisiwa cha Mbudya. Kisiwa cha Bongoyo kinafikiwa kutoka Msasani. Vyote viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vimo katika maeneo tengefu ya bahari. Maana yake kuna kiingilio, na hairuhusiwi kuvunja matumbawe wala kuokota viumbe vya baharini. Mtanzania hulipa kiwango cha chini kuliko mgeni wa nje, hivyo kitambulisho kisisahaulike.

Safari ya kisiwani ianze asubuhi, kabla upepo haujaongezeka. Kabla ya kukanyaga boti, mzazi ahesabu jaketi okozi, na kila mtu alivae, mtoto kwa saizi yake. Boti iliyojaa kupita kiasi haina mjadala. Familia ishuke, isubiri nyingine, hata kama nahodha anawacheka. Miguuni viatu vya mpira ni muhimu, kwa sababu kwenye miamba kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya nyama.

Kwa wasiopenda boti, Kunduchi kuna magofu ya msikiti wa mawe wenye umri wa karne tano hivi, na makaburi yenye nguzo ambayo zamani yalipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Ni ushahidi kwamba wageni walikuwa wakifika pwani hii muda mrefu kabla ya hoteli.

Wenye siku nzima wanaweza kwenda Bagamoyo, kiasi cha kilomita 70 kutoka katikati ya jiji. Basi linalotoka stendi ya Makumbusho hupita Tegeta na Bunju. Huko kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, na kuna misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 baada ya kubebwa kutoka bara na kina Chuma na Susi. Wakati wa kurudi, barabarani kuna mananasi. Mgeni wa bara atataka kununua, na mwenyeji amsaidie kuelewana bei.

Masika yakiwa yamepamba moto, bado kuna mahali pa kwenda: Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya jiji. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 1940. Humo watoto watapata habari za fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa na Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, na wataona magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi. Mvua ikinyesha, paa lipo.

Idd, mwezi mchanga na maji yanayorudi

Kuna jambo moja ambalo wenyeji wengi hawamwambii mgeni, pengine kwa sababu nao hawalijui, na kila mwaka linaleta vilio: maji kujaa na kupwa.

Katika nyumba moja huko Bunju, mtoto wa miaka kumi na moja aliyekuja kutoka Tabora alikuwa kwa mjomba wake siku ya Idd el Fitr. Wakubwa walikuwa na wageni na pilau. Hakuna aliyepanga watoto waende wapi, basi wakajipangia wenyewe. Walifuatana na wenzao wa mtaani hadi ufukweni. Walipofika saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekwenda mbali, mchanga umeachwa wazi, watu wanatembea na kucheza mpira. Mtoto wa Tabora akaona hakuna cha kuogopa, kwani hata mtoni kwao kuna maji mengi kuliko yale. Kufikia alasiri alikuwa amesimama kwenye kilima cha mchanga mbali na ufuko, na maji yameshampita nyuma. Mvuvi aliyekuwa akirudi na ngalawa ndiye aliyemchukua. Mjomba alipata habari hizo kwa watoto wa jirani, jua likizama, mtoto akiwa ameketi kwenye ngazi akitetemeka ndani ya kanzu iliyolowa.

Haikuwa bahati mbaya tu. Bahari ya Dar es Salaam hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda wake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua. Maji hupwa sana na kujaa sana, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita tatu. Siku za bamvua hapa Dar, maji hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja jioni.

Sasa tazama Idd el Fitr. Huja mwezi ukiandama. Kwa hiyo kila mwaka huangukia kwenye bamvua au karibu nayo. Watoto wanamaliza swala na chai, wanafika ufukweni saa nne wakati maji yako mbali kabisa, na wanabaki hapo mchana kutwa huku maji yakirudi. Wanapokuwa wamechoka na kushiba, jua likianza kushuka, ndipo bahari inapokuwa imejaa. Idd el Hajj ni tofauti kidogo, kwa kuwa huwa mwezi kumi, maji yanapokuwa na nguvu ndogo zaidi. Krismasi na Mwaka Mpya hubadilika, na kila mwaka mzazi inabidi auangalie mwezi.

Hakuna haja ya elimu kubwa. Usiku wa kuamkia safari, mtu atazame juu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa hauonekani kabisa, au ukiwa mwembamba kama ukucha, kesho ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu na hayaendi mbali. Anayetaka uhakika amuulize mvuvi yeyote anayekarabati nyavu. Atamwambia saa bila kuangalia simu.

Yaliyobaki ni kanuni za nyumbani. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kutazama watoto, wala asiwe anakaanga samaki au anapiga picha. Wabadilishane kila nusu saa. Mtoto asiyejua kuogelea asipite magoti, na boya la tairi la kukodi lisihesabiwe kuwa ulinzi, kwa kuwa upepo hulisukuma kwenda kina kirefu. Anayevutwa na mkondo asishindane nao kurudi moja kwa moja. Aogelee kuufuata ufuko mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo arudi. Na aliyekunywa pombe asiingie majini wala asipewe mtoto wa kumwangalia.

Zaidi ya hayo yote, watoto wageni wapangiwe siku yao. Mtoto aliyeahidiwa na kuona ahadi inatimizwa hatoroki. Mjomba wa Bunju alilijua hilo jioni ile, akiwa ameshika simu, hajui amwambie nini dada yake aliyeko Tabora. Mwishowe alimweleza ukweli. Dada alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Amekula?"

Fedha na heshima

Kinachowatisha wengi ni gharama. Lakini ukitoa visiwa, sehemu nyingi zilizotajwa humalizwa kwa nauli na kiingilio kidogo. Kinachokula fedha ni chakula na soda. Maji yachemshwe nyumbani na kubebwa. Chapati, mayai na mihogo vikiwa kwenye hotpoti hutosha. Baadhi ya fukwe za hoteli haziruhusu chakula cha nje, hivyo mwenyeji aulize mapema kwa simu ili aibu isimkute getini mbele ya mkwe.

Mzee apangiwe kwa heshima. Ajulishwe siku moja kabla ili aandae nguo yake. Aulizwe pembeni, si mbele ya watu, kama magoti yanaruhusu kupanda daladala mbili. Wenyeji wahakikishe kuna choo, kivuli na kiti mahali wanapokwenda. Asilazimishwe kuingia majini wala kupigwa picha ambazo hakuziomba. Na karibu na Ikulu, vikosi vya jeshi na bandarini, simu zibaki mfukoni.

Siku mbili zilitosha

Yule mkwe wa Mbagala aliamka Ijumaa akachana karatasi kwenye daftari la mtoto, akaandika siku mbili, nauli za kwenda na kurudi, na chakula. Akamwekea mumewe mezani pamoja na chai. Mume alisoma, akakuna kichwa, akasema ataongea na mwenzake amshikie duka.

Jumamosi walikwenda Makumbusho ya Kijiji. Bibi alitembea kimya mpaka walipofika kwenye tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo. Hapo akasimama, akapapasa ukuta, akaanza kueleza: ng'ombe wanalala wapi, nafaka inawekwa wapi, na yeye alizaliwa kwenye nyumba ya namna gani. Wajukuu waliozaliwa Mbagala walimsikiliza kama hawajawahi kumsikia akizungumza. Mwanawe pia.

Jumapili waliamka mapema. Usiku wake mkwe alikuwa ametoka uani kutazama mwezi, akauona uko nusu. Walipanda daladala hadi mjini, wakashuka Kivukoni, wakaingia kwenye kivuko cha Magogoni, ambacho nauli yake ni ndogo kuliko ya daladala. Kwa dakika chache za kuvuka bibi alishika chuma kwa mikono miwili na kuitazama meli kubwa ya makontena ikiingia bandarini. Ng'ambo wakachukua daladala hadi Mjimwema.

Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, na mawimbi yalikuwa na povu. Bibi alivua ndala, akakaza khanga, akaingia maji yakafika vifundoni. Akachovya kidole, akaonja. "Kumbe ni kweli," akasema, "chumvi tupu." Akacheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akamuuliza mwanawe: "Na wewe unakuja hapa kila Jumapili?"

Mwana aliangalia chini. Ilimbidi aseme kwamba mara ya mwisho yeye na mkewe kufika ufukweni walikuwa bado wachumba. Mtoto wao mkubwa sasa yuko darasa la nne.

Walirudi nyumbani kwa barabara ya Kibada na Kongowe kabla ya giza, watoto wamelala kwenye viti vya daladala. Jumatatu bibi alipanda treni. Kile kiroba kilichokuja na karanga kilirudi na nazi sita na chupa moja ya maji ya bahari, iliyofungwa vizuri kwa mfuko wa nailoni, ili wa kwetu nao waonje.